Kufungua na kuonja mvinyo mwekundu wa zamani wa Ufaransa mezani na marafiki

Mwezi uliopita rafiki yangu niliyekua naye Tanga, ambaye sasa anaishi Lyon, alinipigia simu Jumatano usiku. Baba mkwe wake alikuwa amempa chupa tatu za mvinyo mwekundu kutoka ghala la chini ya nyumba yake: Gevrey-Chambertin ya 1999 (kutoka Burgundy), Saint-Julien ya 1996 (kutoka Bordeaux) na Cornas ya 1998 (kutoka bonde la Rhône). Jumamosi wangekaa mezani watu 8. "Ndugu yangu," aliniuliza, "hizi zinafunguliwaje?" Nimehudumu mezani Bordeaux kwa miaka 11, na haya ndiyo niliyomweleza.

Hatua ya 1: Simamisha chupa usiku huohuo

Chupa zilizolazwa zinahitaji kusimama siku mbili, au angalau moja. Mvinyo mwekundu unapozeeka, tanini (ile inayoleta ukakasi kama wa bibo au ndizi mbichi) hushikana na rangi iliyotoka kwenye maganda ya zabibu, vikawa vizito na kuzama. Hayo ndiyo mashapo. Hayadhuru, lakini ni machungu, na yakitibuka utamu wote wa glasi unapotea.

Chupa ikishasimama, tazama mvinyo umeishia wapi. Kwa Bordeaux ya miaka karibu 30, kushuka hadi mwanzo wa bega ni kawaida. Ukiwa katikati ya bega, hewa imeingia sana. Weka chupa nyingine ya akiba.

Hatua ya 2: Chakula

Rafiki yangu alitaka kupika pilau na kachumbari. Nilimwomba aiweke siku nyingine. Ndimu, siki na pilipili huufunika mvinyo wa zamani, na pilipili huifanya pombe iwake mdomoni. Mguu wa kondoo wa kuoka, chumvi, kitunguu saumu kidogo, uyoga pembeni: inatosha. Jibini iwe Comté, ile ngumu ya maziwa ya ng'ombe, isiwe Roquefort yenye ukungu wa buluu. Kama yupo asiyekunywa, mtafutie juisi nzuri ya zabibu naye awe na glasi yake.

Hatua ya 3: Kizibo

Soma hatua hii mara mbili.

Mwaka wangu wa pili kazini, meza moja iliagiza Saint-Estèphe ya 1982, mvinyo wa Bordeaux. Nilichukua kizibuo changu cha kila siku, chenye msokoto mfupi. Vizibo vya Bordeaux za kutunzwa hufika karibu sentimita 5, kwa hiyo msokoto haukufika chini. Nilipovuta, nusu ya juu ikatoka, nusu ya chini ikabaki imegandamana na kioo. Nikaichokonoa, ikawa unga. Nilichuja mara tatu, na mvinyo ulipofika mezani hewa ilikuwa imeshaupiga, harufu imefifia. Mzee aliyeuagiza alikuwa ameoa mwaka ule. Hakunilaumu, na uso wake sijausahau.

Tangu siku hiyo, chupa yoyote iliyopita miaka 20 naifungua kwa kizibuo cha bapa mbili, ambacho Wafaransa hukiita bilame. Kata karatasi yote ya shingoni uione shingo nzima. Ukikuta ukungu mweusi juu ya kizibo usishtuke, ufute kwa kitambaa chenye maji. Ingiza bapa refu kwanza, kati ya kizibo na kioo, kisha lile fupi upande wa pili. Sukuma kidogo huku, kidogo kule, taratibu, hadi mpini uguse kizibo. Sasa zungusha huku ukivuta juu. Usivute bila kuzungusha.

Lakini bapa hizi zina hatari yake. Kizibo kikiwa kimelegea, zinakitumbukiza ndani. Kwa hiyo kwanza kiguse kwa kidole: kikicheza, acha bapa, tumia msokoto mrefu ulio wazi katikati kama springi, uuingize polepole bila kukandamiza. Msokoto mnene kama skrubu usiuguse kabisa, unachimba shimo na kukiacha kizibo mahali pake.

Na kikikatika? Acha kuvuta, pumua. Ingiza msokoto kwa mshazari, ukielekea ukuta wa kioo, ukibane kipande na kukipandisha. Ukijaribu mara mbili ikashindikana, kisukume ndani, kisha chuja mara moja tu kwa kitambaa cha melimeli kilichosuuzwa kwa maji matupu. Sabuni hubaki kwenye nyuzi. Karatasi ya kuchujia kahawa siitaki, inaacha ladha ya karatasi.

Muda wote huu chupa ibaki mezani, imesimama. Izungushe mikono yako, siyo chupa.

Hatua ya 4: Kumimina kwenye jagi

Weka tochi ya simu chini ya shingo. Wengi wanapenda mshumaa. Mimi sipendi harufu ya nta karibu na mvinyo. Mimina kwa mkono mmoja usiosimama, mfululizo, ukitazama shingoni. Ukiona mstari mweusi wa mashapo unakuja, simama.

Chupa ya Bordeaux ina mabega yanayozuia mashapo. Ya Burgundy mabega yake yameteremka, kwa hiyo Gevrey nilimwambia asiihamishe: aimimine moja kwa moja kwenye glasi, polepole, bila kuisimamisha kati ya glasi na glasi. Saint-Julien iingie kwenye jagi nusu saa kabla ya kula. Cornas, saa moja. Vile vifaa vya kuupulizia mvinyo hewa ni vya mvinyo mchanga.

Hatua ya 5: Kuonja

Ndani ya chumba mvinyo uwe nyuzi 16 hadi 18. Kwa watu 8, chupa ya mililita 750 inampa kila mtu karibu mililita 90. Mimina theluthi tu ya glasi.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kwa sababu harufu za juu huondoka haraka. Harufu ya kadibodi iliyolowa ni ugonjwa wa kizibo, yaani kizibo kimeuharibu mvinyo, na hakuna jagi litakalouponya. Fungua ile ya akiba. Kisha inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa rangi ya tofali ni umri.

Nilimpangia Gevrey kwanza, maana imetengenezwa kwa zabibu za pinot noir, ni laini na ingezimwa na zinazofuata. Saint-Julien pamoja na kondoo. Cornas, ambayo ni zabibu za syrah tupu, mwisho, na jibini. Msiambiane mnachonusa hadi kila mtu awe amemeza funda la pili. Mmoja wa wageni wake alisema Saint-Julien inanuka sanduku la tumbaku la babu yake, na meza nzima ikarudi kunusa.

Hatua ya 6: Kilichobaki

Usikiweke hadi kesho, kitakuwa kimepoa ladha. Mvinyo uliobaki na mashapo uchuje kwa ile melimeli, uumimine kwenye mchuzi wa kondoo ungali jikoni.