Kumvua besi peke yako mto Susquehanna, Oktoba, kwa miguu

Kwa wale mnaokaa Pennsylvania pande za Harrisburg, Lancaster na huko kote, kama una Jumamosi ya Oktoba iko wazi nenda Susquehanna ukamvue besi wa mdomo mdogo, yule samaki wa mtoni wanayemwita smallmouth bass. Boti huhitaji. Mto ni mpana mno lakini maji yakiwa chini sehemu nyingi ni ya magotini mpaka kiunoni, unaingia tu taratibu. Na mi nakwambia nenda peke yako, maana ukiwa na mtu mtapiga stori, mtaharakisha, na kwenye maji maangavu ya msimu huu besi anasikia kila jiwe unalolisukuma.

Leseni kwanza, ukiwa na miaka 16 na kuendelea lazima, unainunua mtandaoni kwa Pennsylvania Fish and Boat Commission, tume ya jimbo ya uvuvi na boti.

Afu angalia maji kabla hujatoka. USGS, shirika la serikali linalopima mito, wanaweka mtandaoni kipimo cha mto pale Harrisburg, ukiona mstari wa grafu unapanda baki nyumbani hata kama nje jua linawaka, kwa sababu mto huu unaanzia Cooperstown kule New York, mvua ya huko juu inakufikia huku baadae wakati wewe hujaona hata tone. Na lile bwawa la Dock Street hapo Harrisburg usilisogelee kabisa jamani, linaonekana kaukuta kafupi lakini maji yanajiviringisha chini yake yanamshika mtu hayamwachii, watu wamekufa pale.

Kwa kuwa uko mwenyewe, mwambie mtu unaingilia wapi na utatoka saa ngapi. Simu kwenye mfuko usioingia maji, ifunge kifuani. Ile suruali ya mpira ya mpaka kifuani ivalie mkanda juu yake ukaze kiunoni, ukianguka maji yasijae miguuni. Na mkongojo usikose, kwangu mimi una maana kuliko rodi, ile fimbo ya kuvulia.

Kutembea kwenyewe: kaa ubavu kwa mkondo, mkongojo upande maji yanakotoka, buruza mguu mmoja upapase jiwe, ukishika vizuri ndo uhamishe uzito, afu ulete wa pili bila kuupitisha mbele ya wa kwanza. Mawe ya huku yana utelezi wa kijani, usiyaamini. Mkondo ukikubeba lala chali, miguu itangulie, usijaribu kusimama mpaka ufike maji yaliyotulia.

Sasa samaki. Hakuna haja ya kuamka alfajiri, msimu huu jua ndo linamwamsha, kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri ndo muda wake. Beba kipimajoto. Maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 10 za Selsiasi anakula sana anajiandaa na baridi, yakishuka chini ya 10 anahamia kwenye mashimo yenye kina na anakuwa mzito, hapo nawe punguza mwendo wa chambo. Mtafute nyuma ya zile ngazi za mwamba zinazokatiza mto, hasa pale maji ya kasi yanapogusana na yaliyotulia, anakaa upande uliotulia anasubiri kuletewa.

Chambo mi natumia tyubu ya mpira ya inchi 3, rangi ya udongo na kijani, inafanana na wale kamba wadogo wenye magando wanaoishi chini ya mawe. Tupa kuelekea mkondo unakotoka kwa mshazari, iache izame, ijigonge gonge chini yenyewe, wewe chukua tu ulegevu wa uzi. Akiuma unasikia tok! moja tu, au uzi unasimama, au unaanza kwenda pembeni, vuta hapo hapo. Majani yanaelea kila mahali mwezi huu kwahiyo achana na vyambo vya ndoano tatu tatu, utashinda unatoa majani. Ndoano moja, na ule mwiba wake ubonyeze kwa koleo ulale.

Ukimpata, ule mwili wa shaba na jicho jekundu, lowanisha mkono kwanza, mshike mdomo wa chini, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji. Najua wengi wetu tumekua tukijua samaki ni kitoweo, ila kipande kikubwa cha mto huu na sehemu ya chini ya Juniata, mto unaoingia humu, sheria ni kumrudisha papo hapo, kwa sababu kuanzia 2005 vifaranga vya besi walikufa wengi sana kwa magonjwa na besi anakua polepole, wa inchi 18 anaweza kuwa na miaka 10 hivi. Soma kitabu cha sheria cha mwaka huo kwa kipande unachoingia. Mshike akiwa ameelekea mkondo unakotoka mpaka mkia uanze kukaza, atajitoa mwenyewe.

Saa 9 na nusu geuka, hata kama wanauma, miguu iliyokufa ganzi haisikii jiwe na bado una mto wa kuvuka kurudi.