Akupancha kwa Majira ya Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika nukta maalumu za mwili. Vitabu vya tiba ya Kichina vimepangwa kwa kufuata majira ya China, ambako kuna miezi ya theluji na miezi ya majani kuchipua. Mkazi wa Mbagala au Tegeta hana theluji. Mwaka wake unagawanywa na joto la kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, mvua za masika hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti na mvua za vuli zinazoanza Oktoba. Kwa hiyo mtu anayetaka kuitumia tiba hii kulinda afya yake ya kila siku hapa Dar es Salaam asinakili kalenda ya Beijing, bali afuate upepo na mvua za hapa. Kanuni zenyewe zinaruhusu hilo, kwa sababu tangu zamani waganga wa Kichina wamehesabu visababishi sita vya nje vinavyousumbua mwili, yaani upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto, na mganga hutazama ni kipi kilichopo mbele yake.

Hatua ya kwanza: ondoa shaka ya ugonjwa unaohitaji hospitali

Homa yoyote katika jiji hili hupimwa malaria siku hiyo hiyo, na wakati wa mvua ni vyema daktari afikirie dengi pia, kwa kuwa ilitusumbua mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kifua kinachobana, kuhara maji matupu na kichwa kinachouma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma si mambo ya sindano zangu. Tafiti zinaiunga mkono akupancha zaidi katika maumivu sugu, katika kuzuia kipandauso na katika kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Kwa mafua ya mzio upo ushahidi wa kiasi. Kwa kuzuia mafua ya kawaida ushahidi ni hafifu, nami simwahidi mgonjwa yeyote jambo hilo.

Hatua ya pili: soma majira katika mwili wako

Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki na kabla ya chai, simama karibu na dirisha utoe ulimi mbele ya kioo. Usitumie taa ya umeme, kwa sababu hubadilisha rangi. Utando mweupe mnene unaoteleza, pamoja na alama za meno pembeni mwa ulimi, huhesabiwa kuwa dalili ya unyevu, na huu ndio ulimi ninaouona zaidi mwezi Aprili, kwa watu wanaolalamika miguu mizito, tumbo lililojaa na usingizi mzito mchana. Ulimi mwekundu wenye utando mwembamba mkavu huelekeza kwenye joto, na huonekana zaidi Januari na Februari, ambapo mchana hufika nyuzi joto 32 na usiku hauleti nafuu. Katika kipupwe huja pua zinazowasha na kupiga chafya asubuhi. Uandike unachokiona kwa wiki moja kabla ya kumwona mtaalamu, kwani ulimi wa siku moja hudanganya, hasa baada ya kahawa au embe.

Jambo moja halimo katika kalenda yoyote, nalo ni kiyoyozi. Mtu hutembea juani kutoka kituo cha mwendokasi, shati limelowa, kisha huketi kwa muda wa saa nane akipulizwa shingoni. Kwa lugha ya tiba hii huo ni upepo na baridi unaoingia kupitia kisogo, na kwa lugha yoyote ile ni shingo iliyokakamaa ifikapo jioni. Beba kitambaa cha kufunika shingo, na ubadilishe shati kabla ya kukaa.

Hatua ya tatu: chagua mtaalamu kwa macho mawili

Watoa huduma wa tiba asili na tiba mbadala nchini husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Omba kuona usajili bila kuona aibu. Kisha tazama sindano: kila moja itoke katika pakiti iliyofungwa, ichanwe mbele yako, itumike mara moja, na baada ya kutolewa iingie moja kwa moja katika boksi gumu la kutupia vitu vyenye ncha kali. Mtaalamu anayechemsha sindano ili azitumie tena, hata akiwa na sifa mjini kote, mwache. Mweleze kama una mimba, kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, au kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwa sababu kifaa hicho hakipatani na sindano zinazounganishwa na umeme.

Hatua ya nne: siku ya sindano

Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, maana mwenye njaa huweza kuzimia kitandani. Sindano za kawaida zina unene wa takriban robo ya milimita, nyembamba mno kuliko za kuchomea dawa, na hukaa mwilini dakika 20 hadi 30. Unachopaswa kuhisi ni uzito, ganzi au maumivu hafifu yanayosambaa kuzunguka nukta. Ukihisi mkwaruzo mkali wa umeme au pumzi ikikatika, sema papo hapo.

Hatua ya tano: bonyeza nukta mwenyewe nyumbani

Usijichome sindano kamwe. Kidole gumba kinatosha, na vipimo hutokana na mwili wako mwenyewe.

Anza na Zusanli, nukta ninayoifundisha kabla ya zote. Kaa kitini, kunja goti, tafuta shimo lililo chini ya pia ya goti upande wa nje. Weka chini yake vidole vinne vilivyobanwa pamoja, halafu sogea upana wa kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wa mfupa wa ugoko kwenda nje. Ukikunja wayo kuja juu, msuli hutuna chini ya kidole, na hapo ndipo. Bonyeza dakika mbili kila mguu, polepole, ukiachia unapovuta pumzi. Hii ni ya tumbo na ya uchovu, na hufaa majira yote.

Masika yakianza, ongeza Yinlingquan. Pandisha kidole gumba kwa upande wa ndani wa mguu, ukifuata ukingo wa mfupa kutoka kifundoni, hadi kikwame kwenye kona chini ya goti. Watu wengi wenye miguu mizito huruka wakiguswa hapo. Hata hivyo, mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu usibonyezwe; huo ni wa hospitali, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani.

Kwa joto la kaskazi tumia Quchi, mwisho wa mkunjo wa kiwiko upande wa nje, mkono ukiwa umekunjwa. Kwa pua ya kipupwe tumia Yingxiang, pembeni mwa pua, pamoja na Hegu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mjamzito asibonyeze Hegu.

Hatua ya sita: jikoni

Wachina hunywa supu ya choroko wakati wa joto, na choroko tunazo sokoni Kariakoo. Chemsha kikombe kimoja kwa maji mengi, bila nazi wala mafuta, uzime moto mara maganda yanapoanza kupasuka na maji kuwa ya kijani. Yachuje, yapoe, uyanywe siku hiyo hiyo. Katika masika fanya kinyume: punguza juisi baridi, vyakula vya kukaanga na sukari, tia tangawizi kwenye chai na mchuzi.

Hatua ya saba: mitishamba ya Kichina

Hapa ninakuwa mkali. Dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa qinghao, iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015 na iliyomo leo katika dawa mseto, inathibitisha kwamba mimea hii ina nguvu ya kweli, na chenye nguvu hudhuru pia. Mmea wa mahuang (ephedra) hupandisha shinikizo la damu. Mimea ya jamii ya Aristolochia huharibu figo. Usinunue vidonge visivyo na orodha ya viambato unayoweza kuisoma, na umwoneshe daktari wako kila unachomeza ikiwa una kisukari au presha.

Hatua ya nane: panga miadi kabla ya majira kubadilika

Nchini China, wenye pumu na mafua ya baridi hutibiwa katika siku za joto kali. Kwa mantiki hiyo, mwenye pua inayomsumbua kila Julai namwita Februari, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha tunatazama daftari lake la ulimi na idadi ya asubuhi alizopiga chafya. Kipupwe kikipita bila tofauti yoyote, tunaacha. Mwenye pumu aendelee na dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyomwandikia, wiki zote hizo na baada yake.