Punda milia wa uzi: jinsi ya kubadili rangi milia ikae sawa

Nilijifunza kufuma kwa kulabu kutoka kwa mama mkubwa, nikianza na vitambaa vya makochi. Kitambaa kinaonekana pande zote mbili, kwa hiyo alitufundisha kuficha kila ncha ya uzi. Nilipoanza kufuma wanasesere ilinibidi nijifunze upya, maana mwanasesere ana ndani na nje, na kazi ya kubadili rangi karibu yote inafanyika kule ndani.

Nitaeleza kwa punda milia, kwa sababu yeye hakusamehi. Sikio likipinda, mtoto atambeba hivyo hivyo, lakini milia ikienda upogo unaiona tangu mlangoni.

Kabla ya yote, lowesha kipande cha uzi mweusi, urefu wa shubiri moja, ukikunje ndani ya kitambaa cheupe, ukiminye na kukiacha kikauke humo. Kitambaa kikishika rangi, huo uzi usiuguse. Punda wa kwanza niliyemfumia mtoto wa dada yangu alifuliwa mara moja tu, weupe wote ukawa kijivu. Dukani waliniambia uzi ule hauchuji, nami sikuupima.

Mimi hutumia kulabu ya milimita 2.5 na uzi wa unene wa kati, nikikaza hadi pamba ya kujazia isichungulie. Mwili naufuma kwa mishono mifupi (ingiza kulabu, vuta uzi, kisha uvute tena upite katika vitanzi viwili), kuzunguka bila kukata, kuanzia matakoni kwenda shingoni. Naanza na mishono 6, naongeza 6 kila mzunguko hadi ifike 36, halafu naendelea na 36 hiyo hiyo. Pini ya alama inakaa kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko. Usiitoe, maana kwa macho tu huwezi kujua mzunguko umeanzia wapi.

Sasa penyewe. Wengi husubiri mshono mweupe uishe, ndipo wachukue mweusi. Wakifanya hivyo, kichwa cha mshono wa kwanza mweusi kinatoka cheupe, na mpaka wa rangi unaonekana umemegwa. Kitanzi kinachobaki kwenye kulabu baada ya kumaliza mshono ndicho kichwa cha mshono unaofuata. Kwa hiyo rangi inabadilishwa mshono mmoja kabla. Ukifika mshono wa 36, ingiza kulabu, vuta uzi mweupe, utakuwa na vitanzi viwili. Hapo uache mweupe, shika mweusi, uuvute upite katika vitanzi vyote viwili. Mshono umekwisha ukiwa mweupe, na kitanzi kilichobaki ni cheusi.

Bado kuna ngazi. Kwa kuwa tunazunguka kama konokono, mwisho wa mzunguko unakaa juu kidogo kuliko mwanzo wake, na mlia mpya unaruka pale unapokutana. Dawa yake ni mshono wa kwanza wa rangi mpya. Usiufume kikamilifu. Ingiza kulabu, vuta uzi mweusi upite moja kwa moja hadi ndani ya kitanzi kilicho kwenye kulabu, basi. Uache ulegee. Kisha fuma mishono mifupi 35 iliyobaki. Mzunguko unaofuata, ingia pia kwenye ule mshono uliolegea. Ni mdogo na unajificha, ukiuruka utahesabu 35 na mwili utaanza kubana bila wewe kujua sababu. Ngazi haiishi kabisa, ila inapungua sana.

Kwa milia ya mizunguko 2 mimi sikati uzi. Mweupe unabaki ndani ukisubiri, na zamu yake ikifika naupandisha ukiwa umelegea. Ukiuvuta, tumbo linajikunja hapo, na hata pamba haitalinyoosha. Mpira mmoja ninauweka kwenye kopo kulia kwangu, mwingine kwenye kikapu kushoto, la sivyo nyuzi zinasokotana. Mlia ukizidi mizunguko 4 ninakata, nikiacha ncha ya sentimita 10, na baada ya mishono michache nafunga mafundo mawili kwa ndani. Hakuna haja ya kuificha ncha kwa sindano kama kwenye kitambaa. Ila ncha nyeusi iegemeze nyuma ya mlia mweusi kabla ya kujaza, maana nyuma ya weupe inaonekana kama uchafu.

Jambo moja linawashangaza wanaoanza: ukifuma kwa mkono wa kulia, mishono inalala kidogo kulia, hivyo mahali pa kubadilishia panahama taratibu kadiri mwili unavyorefuka. Kila baada ya milia michache nainua kazi na kuiangalia. Nikiona pamehama, nafuma mshono mmoja zaidi kwa rangi ya zamani ndipo nabadili, na pini naisogeza hapo. Idadi inabaki 36.

Usoni, weusi na weupe hukutana ndani ya mzunguko mmoja. Kanuni ni ile ile ya mshono mmoja kabla, na uzi usiotumika unapita nyuma. Usiuvushe zaidi ya mishono 4, na kabla ya kuendelea nyoosha kazi kwa vidole ili uzi wa nyuma upate nafasi. Wapo wanaoufunika uzi huo ndani ya mishono. Kwa rangi zinazokaribiana sawa, lakini mweusi ndani ya mweupe utaonekana tu.

Punda akiwa wa mtoto aliye chini ya miaka 3, macho yake yatarizi kwa uzi, usiweke vifungo.

Miguu ishonwe mwisho. Kabla hujaishona, mgeuze punda utafute ile ngazi, uiweke chini tumboni, katikati ya miguu minne. Akisimama mezani, pale hapaonekani.