Kupokea hitilafu na makatizo ya prosesa kwenye kerneli ya x86-64

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa Goma na Bukavu ambao kerneli yao ya biti 64 (kiini cha mfumo endeshi) tayari inawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, ila ikigusa anwani mbaya mara moja tu, mashine inaanza upya bila neno. Sababu ni moja: prosesa ilipata hitilafu, ikakosa pa kuipeleka, ikajaribu namba 8, yaani hitilafu inayotokea wakati wa kupokea hitilafu, ikakosa tena. Baada ya hapo haina njia nyingine ila kujiwasha upya.

Tengenezeni kwanza jedwali la IDT, linaloiambia prosesa iende wapi kwa kila namba ya hitilafu au katizo. Lina nafasi 256 za baiti 16 kila moja. Namba 0 hadi 31 ni za prosesa yenyewe: 0 ni kugawanya kwa sifuri, 13 ni kuvunja ulinzi, 14 ni kosa la ukurasa wa kumbukumbu. Kila nafasi hubeba anwani ya kipokezi (kodi yenu inayoishughulikia namba hiyo), selekta ya kodi na baiti ya aina, 0x8E. Kikomo mnachokipa lidt, amri ya kupakia jedwali hilo, ni 4095, si 4096.

Sasa mlango wenyewe, na hapa ndipo wengi huumia. Hitilafu ikitokea, prosesa husogeza staki ifike kwenye kizidishe cha 16, kisha husukuma rejista SS, RSP (kilele cha staki), RFLAGS, CS na RIP (anwani ya amri): baiti 40. Namba 8, 10 hadi 14, 17 na 21 huongeza msimbo wa kosa juu yake. Nyingine nyingi haziongezi. Msiposawazisha, mtasoma msimbo mkidhani ni RIP. Basi zile zisizo na msimbo zisukumieni sifuri:

ingia_3:
    push 0
    push 3
    jmp pamoja
ingia_14:
    push 14
    jmp pamoja

Kwenye "pamoja" sukumeni rejista zote 15 za kawaida, andikeni cld (amri inayorudisha mwelekeo ambao C inautarajia), wekeni RSP ndani ya RDI, kisha iteni funksheni ya C. Hesabuni: 40 + 16 + 120 ni 176, yaani 16 mara 11, kwa hiyo staki imekaa sawa kama C inavyotaka. Mkisahau rejista moja, hesabu hiyo inavunjika, na kodi inayotumia SSE (amri za kushughulikia namba kadhaa kwa pamoja) itaangusha namba 13 mahali msipopatarajia.

Kutoka ni kama kushusha mzigo wa chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo: gunia lililopakiwa mwisho ndilo la kwanza kushuka. Rudisheni rejista kinyumenyume, ongezeni 16 kwenye RSP ili kuruka namba na msimbo, kisha iretq, amri ya kurudi. Wala msisahau -mno-red-zone kwenye kompaila. Bila hiyo, C huhifadhi vitu chini ya RSP, na prosesa itaandika juu yake.

Jaribuni kwanza int3, amri inayozusha namba 3, kwa sababu RIP yake tayari inaelekeza amri inayofuata. Namba 14 hurudi kwenye amri ileile iliyokosea. Msiporekebisha ukurasa, itazunguka bila mwisho.

Endesheni QEMU kwa -d int -no-reboot -D log.txt, bila KVM (njia ya kuendesha moja kwa moja kwenye prosesa halisi). Faili inabaki kwenye diski. Mkiona v=0e e=0002, ni namba 14: kerneli imeandika kwenye ukurasa usiokuwepo. Anwani yenyewe iko kwenye rejista ya CR2. Isomeni mapema, kabla hitilafu nyingine haijaifuta.

Namba 8 ipeni staki yake kupitia IST, orodha ya staki za akiba ndani ya TSS, jedwali jingine la prosesa. Staki ya kerneli ikijaa hadi ukurasa usiokuwepo, prosesa haina pa kusukuma chochote, na kipokezi kizuri namna gani hakitafikiwa.

Kabla ya sti, amri ya kuruhusu makatizo, hamisheni namba za PIC, chipu mbili zinazopeleka makatizo ya vifaa. Mashine ikiwashwa na BIOS, saa yake hugonga kwenye namba 8, na haina msimbo wa kosa: kipokezi chenu kitadhani ni hitilafu kubwa, na staki itapishana kwa baiti 8. Chipu ya kwanza ianzie 32, ya pili 40. Kila katizo likiisha, iarifuni PIC: tumeni 0x20 kwenye poti 0x20, na kwa namba 40 hadi 47, kwenye 0xA0 pia. Saa ikigonga mara moja tu kisha ikanyamaza, tafuteni hapo kwanza.