Mayo ya basketi ya orijinali: vile mi naitafutaka hapa Lubumbashi, hatua kwa hatua

Batu mingi bananiulizaka ile mayo ya NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani, yenye navalaka ku tereni natoaka wapi, na najuaka namna gani haiko ya bandia. Naandika yote hapa mara moja juu nachoka kueleza kila siku kwa mutu moja moja. Nasema mayo juu hapa kwetu njo vile tunaita, ba Tanzania na ba Kenya banasema jezi, ni kitu kile kile.

Naanza na kosa yangu juu njo ilinifundisha. Kuko siku niliona ku magazini moja ya mu mji mayo ya Toronto Raptors ya Bismack Biyombo, namba 8, mupya, iko mu plastiki, etiketi inaningʼinia. Biyombo ni mutoto wa hapa, alizaliwa Lubumbashi mu 1992, na mu 2011 bakamuchagua wa 7 ku drafti ya NBA, pale timu zinachaguaka bachezaji bapya, na mu 2016 akiwa Toronto alikamata ribaundi 26 (mipira yenye kurudia ku ringi) mu mechi moja ya playofu, zile za kutafuta ubingwa, na Cleveland. Sasa unaikuta namba 8 mbele yako, utafanya nini? Nikalipa dola 40 bila hata kupunguza bei. Nikafika nyumbani, nikaivala, nikapiga foto, mudogo wangu akaangalia foto ile muda murefu akaniuliza, “Yaya, mbona iko na alama ya Nike?” Nikamujibu kwani Nike iko na mubaya gani. Akanyamaza.

Usiku usingizi ikakataa. Biyombo alicheza Toronto sezoni moja tu, 2015-16, kisha akaenda Orlando. Miaka ile mayo yote ya NBA ilitengenezwa na Adidas, toka 2006 mpaka 2017. Nike ilianza sezoni ya 2017-18. Na ku kifua kulikuwa tena kakiraka ka sponsa, na bile biraka pia bilianza 2017-18, mbele ya pale haikukuwaka. Basi ile mayo Biyombo hakuivalaka hata siku moja. Dola 40 ikaenda.

Toka siku ile, mbele niulize kama mayo ni ya kweli, naulizaka kwanza: hii ni ya mwaka gani?

Hatua ya 1: chagua habari moja yenye utafuata. Usinunue kila kitu chenye kuko alama ya NBA, utamaliza franga na nyumba itajaa bitambaa. Mi nachukuaka batoto ya Congo. Biyombo na Oscar Tshiebwe ba Lubumbashi, Jonathan Kuminga wa Goma mwenye kupata ubingwa na Golden State mu 2022 akivala 00, na muzee wetu Dikembe Mutombo, namba 55. Inatosha maisha yote. Weye unaweza kufuata timu moja, ao mayo ya rangi moja tu, ni weye unajua, lakini ukiisha chagua utajua bitu bya ile habari kupita mwenye kuuzisha, na pale njo utaanza kupata bei ya muzuri.

Hatua ya 2: andika kalenda yako mu telefone. Ya kwangu ni mistari kidogo tu na inaniokoaka kila wiki. Miaka ya 1990 utakutana mingi na mayo za kampuni Champion. 2006 mpaka 2017, Adidas. Nyuma ya pale, Nike. Mpaka sezoni ya 2013-14 ile kapicha ka NBA, ka mutu mwenye kudribula, kalikuwa mbele ku kifua, toka 2014-15 kakahamia nyuma ku shingo, juu ya jina. Kisha unaandika muchezaji wako alikuwa wapi na mwaka gani. Mufano Mutombo: Denver 1991 mpaka 1996, lakini ile mayo ya upinde wa mvua yenye kuko majumba na milima, Denver iliiacha mu 1993, basi Mutombo aliivala sezoni mbili tu. Bakikuletea ya upinde wa mvua na banasema eti ni ya 1995, achana nayo polepole.

Mambo ya chuo kikuu iko na siri yake yenye mi naipenda sana. Mu basketi ya vyuo ya Marekani, miaka na miaka, namba zilitumia tarakimu 0 mpaka 5 tu, juu refa alikuwa anaonyesha namba ya mwenye kufanya faulu na bidole, mukono moja bidole bitano, mukono ya pili bitano. Ku upande wa wanaume namba zote zilifunguliwa sezoni ya 2023-24. Tshiebwe ku Kentucky alivala 34, ni sawa kabisa. Ukiona mayo ya chuo ya zamani yenye kuko 8 ao 9, hauna hata haja ya kuigusa.

Hatua ya 3: enda ku tombola, kule banauzishaka manguo ya mitumba, asubuhi sana. Hapa batu bananibishiaka, lakini nasema: mayo ya tombola yenye kuzeeka ni ya kweli mara mingi kupita ile mupya ya mu plastiki. Fikiria tu, ile balo, ni kusema furushi kubwa ya manguo, imetoka ku Marekani ao Canada, mutu aliinunua kule, akaivala, akanenepa, akaitoa. Ya bandia mara mingi inafika ikiwa mupya, na mwenye kuileta anajua bei ya kusema. Mama wa tombola yeye anaona kitambaa tu, basketi haimuhusu.

Nakwendaka soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, haiko inchi, siku bafungulaka balo, saa kumi na mbili na nusu niko pale, nyuma ya pale premye shwa, ile ya muzuri kabisa, yote imeisha enda mu bibutiki ya mu mji. Usiombe “mayo ya NBA,” bei itapanda mbele ujaishika. Mi nasemaka hivi:

“Yambo mama. Ile kitu ya kijani isiyo na mikono, bei gani?”

“Ile ya basketi? Elfu makumi mbili, mwanangu.”

“Ayi mama! Na iko na alama ya jasho hapa ku kwapa, angalia.”

“Utafula. Leta elfu kumi na tano.”

Alama ya jasho, mi naifurahia kimya kimya, inaonyesha mutu aliishi mu ile mayo. Ya bandia kwanza inatoka uzi mbele hata mutu atoke jasho.

Hatua ya 4: geuza ndani inje. Hii njo ya maana kabisa, na fanya pale pale mbele ulipe. Kama namba ni ya kushona, angalia upande wa ndani: mishono ya zigizaga inafuata muzunguko wa namba bila kuruka, na ku kona haikusanye uzi. Ya bandia utaona uzi unaruka toka herufi moja mpaka ingine sawa kamba ya kuanikia nguo, na mara mingi ile kikaratasi cheupe cha nyuma bameiacha, inakwaruza kifua. Pitisha kidole mu shimo ya 0 ao ya 8, pale njo fundi mwivi anajionyesha. Angalia na nafasi kati ya herufi za jina, BIYOMBO iko na O mbili, ziwe sawa sawa.

Lakini asikudanganye mutu mwenye kusema eti ya kuprinti yote ni ya bandia. Zile Champion za kawaida za mashabiki namba ni ya kuprinti, na ni ya orijinali. Swingman ya Nike nayo namba inabandikwa na moto, haishonwe. Swingman ni ile ya shabiki, Authentic ni ile yenye kufanana na ya wachezaji, bei yake iko juu na saizi bananaandika na namba, 44, 48, 52. Mi nanunuaka Swingman bila haya yoyote. Ya kuvaliwa mu mechi yenyewe, ile inaomba barua ya kushuhudia ni ya kweli na foto za mechi za kulinganisha mukunjo kwa mukunjo, mutu akikuambia eti anayo hapa Lubumbashi dola 100, cheka, muachane vizuri.

Hatua ya 5: soma kietiketi cha ndani, ile ndogo ya pembeni. Ku Nike kuko kodi ya alama sita, herufi na namba ao namba tu, kisha kakistari, kisha namba tatu za rangi. Iandike mu Google. Ikikuletea ile ile mayo, muzuri. Ikikuletea kiatu, ao mayo ya timu ingine, rudisha. Wenye kutengeneza bandia banakopiaka kodi moja banaiweka ku kila kitu, nilikutaka Lakers na Boston iko na kodi moja. Lakini kodi kuwa ya kweli peke yake haitoshe, hata mwivi anajua kukopia.

Hatua ya 6, ya kuagiza: kama unanunua mbali, omba foto tatu tu, etiketi ya chini mbele, kodi ya ndani, na namba kwa upande wa ndani. Mwenye kukataa ya tatu anajua juu ya nini. Usitume franga yote kwa simu kwanza, tuma nusu ku mutu wako, ingine akiishika mu mukono. Na dola ikuwe safi, ikipasuka hata kidogo ku kona utabaki nayo.

Hatua ya 7: kuifula. Maji ya baridi, mayo imegeuzwa, sabuni kidogo, hapana javeli, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe. Anika mu kivuli. Kiangazi hapa mavumbi yetu mwekundu inaingia mu kila kitu, weka mu mufuko wa kitambaa, usiweke mu plastiki juu mvua ikianza itaoza humo. Na fero (pasi) ya makala isikaribie namba. Nilichomaka 5 moja ya Mutombo hivyo, ingine ikabaki nzima, sasa iko ku ukuta inaonekana sawa muzee alivala S na 5.

Ile ya Biyombo ya dola 40 sikuitupa, mudogo wangu anaivalaka ku mazoezi. Mi natafuta ya Charlotte Bobcats, namba 0, Adidas, kapicha ka NBA mbele ku kifua. Klubu ilibadilisha jina mu 2014 ikarudia Hornets, basi yenye iko mu dunia njo ile yenye ilibaki. Kenya bafungula balo tena siku ya ine.