Somo: Pudini ya chokoleti ya sufuria moja

Assalaam alaykum. Mmeomba somo la kitu kitamu kisichohitaji oveni wala mayai, kinachoweza kupikwa baada ya alasiri na kuliwa usiku baada ya tarawehe. Kwa bakuli ndogo 4, tayarisha nusu lita ya maziwa, theluthi moja ya kikombe cha sukari, vijiko 4 vya kulia vya kakao, vijiko 3 vya konflawa, chumvi kidogo tu, kijiko 1 cha siagi, na vanila au hiliki 3 zilizotwangwa. Kakao iwe ile chungu. Unga wa kinywaji cha chokoleti umeshatiwa sukari, na ukiutumia kwa vipimo hivi utapata utamu mwingi usio na chokoleti.

Hatua ya kwanza. Chekecha kakao ndani ya sufuria yenye kitako kizito, kwa kuwa unyevu wa hewa yetu huifanya ishikane madonge koponi, kisha tia konflawa, sukari na chumvi, uvichanganye vikiwa vikavu mpaka usione tena weupe. Usiidharau kazi hii, kwani chembe za sukari ndizo zinazozitenga chembe za unga zisigandane maziwa yanapoingia.

Hatua ya pili. Tia robo kikombe ya maziwa ya baridi, koroga upate rojo laini, ndipo umimine yaliyobaki kidogo kidogo. Maziwa ya moto hayafai, kwa sababu huuivisha unga kwa nje na kuuacha mkavu ndani ya donge.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo somo lenyewe. Bandika sufuria kwenye moto wa wastani na ukoroge bila kuondoka, mwiko ukipita chini na pembeni. Kwa dakika kadhaa hutaona ila maziwa ya rangi ya udongo, kisha ghafla mwiko utakuwa mzito. Hapo ndipo wengi huepua, na hapo ndipo pudini inapoharibika, kwani konflawa isiyochemka hubaki na ladha ya unga mbichi na haishikani vizuri ikipoa. Subiri mapovu makubwa yapande moja moja kutoka chini na kupasuka, kama yafanyavyo kwenye uji mzito, halafu punguza moto na uendelee kukoroga kwa dakika nzima. Pitisha kidole mgongoni mwa mwiko; njia ikibaki wazi, imeiva. Mimi niliwahi kuepua kwa haraka siku ya Idi, na wageni wangu nikawagawia vikombe, wakainywa.

Hatua ya nne. Epua, tia siagi na vanila, mimina kwenye bakuli, na ulaze nailoni safi juu ya pudini yenyewe ili isifanye utando. Nyumbani kwangu watoto wanaugombania utando huo, kwa hivyo mimi sifuniki mpaka ipoe. Iweke kwenye friji kwa muda wa saa 2.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi niko Wete na ninapikia seredani. Nifanyeje moto usinizidi?
Jibu: Dada yangu, subiri makaa yafunikwe na jivu, kisha uyatawanye pembeni. Ikishika chini, usiukwangue ukoko. Mimina ya juu kwenye chombo kingine na harufu ya kuungua haitaifuata.

Swali: Mwanangu hapatani na maziwa ya ng'ombe. Tui linafaa?
Jibu: Linafaa sana. Tumia kikombe kimoja cha tui zito na kimoja cha tui jepesi. Tui likichemka peke yake hukatika, lakini konflawa hulishikilia. Siagi uiache, kwani nayo imetokana na maziwa.

Swali: Naweza kuikata vipande kama faluda?
Jibu: Hapana, hii huliwa kwa kijiko.

Swali: Niliichemsha kama ulivyoeleza na jioni ilikuwa nzito, lakini asubuhi nimeikuta majimaji. Kosa liko wapi?
Jibu: Je, ulikuwa ukiionja kwa kijiko kilekile na kukirudisha bakulini? Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kiasi kidogo tu hutosha kuilegeza pudini usiku kucha. Chota unayotaka kula, iliyobaki usiiguse.

Swali: Naam, mwalimu, ni kijiko kilekile.