Kusafisha na kutunza tangi la matumbawe lisilo na mchanga, hapa Dodoma

Tangi la matumbawe lisilo na mchanga halifichi uchafu. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula, vipande vya mwani uliokufa, vyote vinatua juu ya kioo cha chini na unaviona kwa macho yako. Hiyo ndiyo faida yake, na ndilo sharti lake pia: ukiuona, utoe. Palipo na mchanga, uchafu unazama katikati ya chembe, na huko minyoo na bakteria wanauchakata polepole. Juu ya kioo kitupu hakuna jeshi la namna hiyo. Usipoutoa unaoza palepale, na mwisho wake ni naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani, ndani ya maji. Kazi zote ninazozieleza hapa zina lengo moja tu, kwamba uchafu utoke ukiwa bado chembe, kabla haujayeyuka.

Vipimo ninavyotumia ni vya tangi la lita 200 lenye sampu (tangi dogo la kuchujia) chini yake, skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu), pampu mbili za mawimbi za kuzungusha maji, na matumbawe laini na magumu yaliyochanganyika. Lako likiwa kubwa zaidi au dogo, badilisha kwa uwiano.

Kabla ya yote, maji

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma inatoka kwenye visima vya Makutupora, na ni maji magumu. Fungua birika la chai uangalie ndani: ule ukoko mweupe ni madini ya kalisi na magnesi. Wapo wanaouliza, si matumbawe yanahitaji kalisi? Yanahitaji, lakini kwa kiwango unachokijua na kukidhibiti. Maji ya bomba yanaleta pia klorini, silika inayolisha ule mwani wa kahawia wa kwenye vioo, na chumvi nyingine ambazo huwezi kujua wiki hii zimekuja kiasi gani.

Kwa hiyo tumia chujio la RO, linalosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, lenye hatua ya rezini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki) mwishoni, na kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka, kwenye maji yanayotoka kisome 0. Kikianza kusoma 1 au 2, badilisha rezini. Usisubiri ifike 10. Maji yetu yamebeba madini mengi, kwa hiyo rezini inaisha mapema. Angalia na presha. Chujio nyingi za RO zinafanya kazi vizuri kuanzia bar 3.5 hivi, wakati simtanki lililo juu ya mnara wa mita 6 linakupa takriban bar 0.6 tu. Hapo lazima uweke pampu ndogo ya kuongeza presha, la sivyo utapata maji tone kwa tone na yasiyochujwa vizuri.

Kila lita moja safi inaacha lita tatu hadi nne zinazomwagwa. Zikinge kwenye pipa. Zinafaa kudeki na kumwaga chooni. Bustani ya mboga usiizoeshe, maana chumvi inajikusanya kwenye udongo.

Kila siku: kujaza maji yaliyokauka

Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana sana na Dar es Salaam au Tanga. Hewa yetu ni kavu karibu mwaka mzima nje ya miezi ya mvua, na upepo wa Julai na Agosti haupumziki. Maji yanakauka haraka, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 lenye chumvi ya gramu 35 kwa lita likipoteza lita 6, chumvi inapanda hadi 36 na kidogo. Ukisahau siku mbili tatu mfululizo, konokono ndio wa kwanza kulegea.

Jaza kwa maji safi ya RO, kamwe si kwa maji ya chumvi, na ujaze kidogo kidogo kwenye sampu. Chora alama kwa kalamu isiyofutika kwenye ukuta wa sampu ili mtu mwingine nyumbani aweze kujaza usipokuwepo. Kama una uwezo, nunua kifaa cha kujaza chenyewe chenye boya. Katika vifaa vyote vya ziada, hicho ndicho ningekinunua kwanza hapa kwetu.

Wakati wa kujaza, tazama na jotoridi. Nyuzi 25 au 26 zinatosha. Oktoba na Novemba chumba kikipata joto, feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili au zaidi kwa sababu hewa ni kavu. Utalipia tu kwa maji mengi zaidi ya kujaza. Juni na Julai mambo yanageuka. Usiku ni wa baridi kweli, na hita ndiyo inayobeba tangi.

Kila wiki: usafi wenyewe

*Hatua ya 1. Andaa maji ya chumvi jioni ya jana yake.* Weka lita 20 za maji ya RO kwenye ndoo safi isiyowahi kutumika kwa sabuni, washa pampu ndogo na hita, kisha mimina chumvi ya matangi ya matumbawe kidogo kidogo. Lita 20 zinachukua takriban gramu 700 hadi 760, kutegemea aina ya chumvi. Usianze na chumvi kavu halafu ukamwagia maji: kalisi inashikana na kaboneti, maji yanageuka meupe kama tui, na kalisi hiyo hairudi. Pima kwa rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi) iliyorekebishwa kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, si kwa maji matupu.

*Hatua ya 2. Kioo.* Pitisha sumaku ya kusafishia mbele na pembeni. Bila mchanga, hatari ya chembe kunasa chini ya sumaku na kukwaruza kioo inapungua sana. Hata hivyo kagua kwanza, kwa sababu kipande cha konokono kinakwaruza vilevile. Kioo cha nyuma kiache. Mwani wa chokaa, ule wa waridi na zambarau, ukitanda huko na kwenye sakafu ni jambo jema. Unachukua nafasi ambayo ingechukuliwa na mwani wa nywele, na kile kioo kitupu ambacho wengi wanakiona kibaya kinageuka kuwa sakafu ya rangi.

*Hatua ya 3. Puliza mawe.* Chukua sirinji kubwa au lile bomba la mpira la kumwagia mchuzi juu ya nyama, na pampu zote zikiwa zinazunguka, piga maji kwenye kila tundu la jiwe, kati ya matawi ya matumbawe, na chini ya mawe. Utaona wingu la kahawia linatoka. Usiogope, ndicho unachokitaka. Acha pampu ziendelee kwa robo saa. Skima na soksi ya chujio (mfuko wa kitambaa ndani ya sampu) zinakamata sehemu yake, na matumbawe yenyewe yanakula kidogo.

Ukikuta sehemu inayotoa wingu kubwa kila wiki, mtiririko wa maji haufiki pale. Geuza pampu. Kwenye tangi la namna hii unaweza kuweka mtiririko mkali mpaka ukashangaa, kwa sababu hakuna mchanga wa kurushwa. Pampu zenye jumla ya mara 30 hadi 50 ya ujazo wa tangi kwa saa si nyingi kwa matumbawe magumu kama Acropora. Mawe yakiinuliwa juu ya miguu mifupi ya bomba la plastiki, maji yanapita chini yake na kazi yako inapungua nusu.

*Hatua ya 4. Zima pampu, subiri, nyonya.* Dakika kumi zinatosha uchafu kutua. Tumia mpira mwembamba. Ule wa nusu inchi unamaliza ndoo ya lita 20 kabla hujafika nyuma ya mawe. Ufungie mrija mgumu wa plastiki mwishoni ili uuelekeze vizuri kwenye kona. Usiuanzishe kwa mdomo. Uzamishe wote ujae maji, ziba ncha moja kwa kidole gumba, ishushe ndooni, achia. Anza pale palipo na rundo, malizia kwa kufuata kingo za kioo, polepole. Ukiukimbiza mrija, uchafu unaruka na kutua nyuma yako.

Katikati ya wiki unaweza kurudia bila kubadilisha maji hata kidogo: elekeza mpira kwenye soksi ya chujio ndani ya sampu. Maji yanarudi tangini, uchafu unabaki kwenye soksi, unaitoa na kuifua papo hapo. Kwenye nyumba ambayo maji yanakuja kwa zamu, hii ndiyo mbinu ninayoisisitiza kuliko zote.

*Hatua ya 5. Soma ndoo.* Tumia ndoo nyeupe. Usimwage kabla hujaangalia, maana humo ndimo tangi linapoeleza hali yake. Uchafu mwepesi wa kahawia unaoelea kama ukungu wa sentimita chache chini ya ndoo ni wa kawaida. Vidonge vya chakula vikiwa bado na umbo lake, unalisha kupita kiasi. Vipande vigumu vya waridi ni mwani wa chokaa uliobanduka. Ukiona utando wa kahawia unaonata, unaovutika ukiuchokoa kwa kijiti na wenye viputo vya hewa ndani yake, shuku dinoflajelata (viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho mmoja mmoja), na upime naitreti na fosfeti siku hiyohiyo: mara nyingi wanakuja pale vyote viwili vikiwa vimeshuka hadi sifuri. Kisha pitisha maji kwenye kitambaa cheupe utafute konokono wadogo, kaa, au kipande cha tumbawe kilichokatika. Kipande hicho kinaweza kugundishwa kwenye jiwe na kuishi.

*Hatua ya 6. Rudisha maji.* Hakikisha joto na chumvi vinalingana na vya tangi, mimina taratibu kwenye sampu, washa pampu. Osha kikombe cha skima. Badilisha soksi. Futa vumbi kwenye taa, maana vumbi letu jekundu linapunguza mwanga kuliko unavyodhani, na futa chumvi iliyoganda kwenye kingo na nyaya. Kila waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Soksi zenyewe zisikae zaidi ya siku tatu au nne. Uchafu ulio ndani ya soksi bado umo ndani ya maji. Zigeuze, zipige kwa mpira wa maji, anika. Jua la Dodoma linazikausha upesi. Sabuni marufuku.

Kupima

Alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) mara mbili kwa wiki, saa ileile ya siku. Ibaki kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH bila kuyumba. Kalisi karibu 420 na magnesi karibu 1,300 kwa miligramu kwa lita, hizo mara moja kwa wiki zinatosha. Naitreti nataka iwe 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1.

Natamani hili la mwisho lieleweke, kwa sababu tangi lisilo na mchanga ni rahisi kulisafisha kupita kiasi. Sifuri si lengo. Matumbawe yanahitaji naitrojeni na fosforasi, na yakikosa yanapauka, ncha zinakonda, halafu dinoflajelata wanaingia. Vipimo vikiwa chini mno, lisha samaki zaidi na uache kunyonya wiki moja. Na mawe usiyatoe kuyasugua kwenye maji ya bomba. Bila mchanga, mawe ndiyo makazi makuu ya bakteria wanaobadilisha amonia, na klorini inawaua.

Kila mwezi

Toa pampu moja moja, si zote kwa pamoja. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa mpaka ukoko wa chokaa ulainike, kisha sugua kwa mswaki wa zamani, hasa ile sumaku yenye mabawa na tundu inamokaa. Suuza vizuri ndipo urudishe. Pampu iliyojaa ukoko inapoteza nguvu kidogo kidogo bila wewe kujua, na dalili ya kwanza ni uchafu kuanza kutua mahali ambapo haukuwa unatua.

Kama una Palythoa au zoa wengine (jamaa laini wa matumbawe wanaofanana na vifungo), vaa glavu na miwani unapowagusa au kuwapunguza. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Usiwasugue wakiwa nje ya maji, na jiwe lenye zoa usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto kwa sababu yoyote, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.

Umeme ukikatika, na dawa ya mbu

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanabeba oksijeni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani. Kwa hiyo pampu zikisimama usiku, muda ulionao ni mfupi. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika, au unganisha pampu moja ya mawimbi kwenye invata. Taa na skima zinaweza kusubiri. Mzunguko wa maji hausubiri.

Dawa za kupulizia mbu nyingi zina pairethroidi, na kiasi kidogo tu kinaua kamba, kaa na samaki. Usipulizie chumba chenye tangi. Kama nyumba inapigwa dawa, zima pampu ya hewa na skima, funika tangi na sampu kwa nailoni, acha pampu za mawimbi zikizunguka, na usifunue mpaka madirisha yamekaa wazi saa kadhaa. Mikono yenye losheni au dawa ya kujipaka nayo ioshwe kwa maji mengi hadi kwenye kiwiko kabla ya kuingia tangini.